Simu Ilipozimika Usiku wa Manane: Tuitunzeje Betri Idumu?

Usiku mmoja wa msimu wa kaskazi, nyumbani kwetu Mtoni, feni ilisimama ghafla na taa zikazimika. Nilitoka uani kuangalia, nikaona nyumba za jirani zote zinawaka. Haukuwa umeme wa mtaa uliokatika. Yuniti za TUKUZA ndizo zilizokuwa zimekwisha kwenye mita yetu. Ni jambo jepesi, kwani siku hizi yuniti hununuliwa kwa simu hali ya kuwa mtu yumo kitandani mwake. Lakini haukupita muda, bibi yetu, ambaye ana maradhi ya pumu, akaanza kubanwa na pumzi kwa joto la chumba.

Nilichukua simu yangu. Kioo kilionesha chaji asilimia 14. Nilikusudia kumpigia kwanza ndugu yangu mwenye gari anayekaa Bububu, kisha ninunue umeme. Simu iliita mara moja tu, kioo kikawa cheusi, ikazimika na haikuwaka tena. Simu ya pili ya nyumba ilikuwa imekwisha chaji tangu magharibi, baada ya watoto kuichezea mchana kutwa.

Saa nane za usiku nilibisha hodi kwa jirani. Mwenyezi Mungu amlipe kheri, hakuuliza maswali. Alitoka na funguo za gari mkononi. Alhamdulillahi, bibi alifikishwa hospitali, akatibiwa na kurudi nyumbani salama. Asubuhi yake, nilipokuwa bado nikiilaumu simu, alinitazama na kuniambia: "Mjukuu wangu, mimi nimepindukia miaka themanini na bado sijazimika. Hiyo simu yako ina mingapi?"

Simu yangu ilikuwa na miaka mitatu. Tulicheka, lakini swali la bibi lilibaki nami. Kwa nini simu yenye chaji asilimia 14 izimike kama taa iliyopulizwa? Na je, ni umri tu uliyoichosha, au ni mimi mwenyewe? Nilipokwenda kwa fundi Darajani, na baadaye nilipolisoma jambo hili kwa makini, nilitambua kuwa sehemu kubwa ya lawama ilikuwa yangu. Makala haya yameandikwa ili lililotufika sisi lisizifike familia nyingine.

Kisiwa kinachosubiri umeme kutoka ng'ambo

Sisi wa Mtoni tuna sababu ya pekee ya kuufikiri umeme. Waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa Tanzania Bara, hutokea Ras Fumba, na kutoka hapo njia kuu ya umeme huja mpaka kituo cha Mtoni, ndipo ukagawiwa mjini na mashamba. Waya wa kwanza, wenye uwezo wa megawati 45, ulianza kazi mwaka 1980. Ulipoharibika mwezi wa Mei 2008, Unguja ilikaa gizani kwa takriban mwezi mmoja. Ulipoharibika tena Disemba 2009, giza lilidumu takriban miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, na hali ikawa afadhali sana.

Wengi wetu tunaikumbuka miezi ile. Wakati huo wengi walikuwa na simu ndogo za vitufe. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, ilikuwa na betri ya miliampia 850 tu, nayo ilikaa siku kadhaa bila ya kuguswa na chaja. Simu janja nyingi za leo zina betri ya miliampia 5,000, yaani takriban mara sita ya ile, na bado jioni zinaomba umeme. Chombo kimekuwa kikubwa, lakini wanywaji wameongezeka: kioo kipana chenye mwanga mkali, mtandao usiolala, na programu chungu nzima zinazofanya kazi bila ya sisi kuziona.

Na katika miaka hiyo hiyo tumeihamishia simu mambo ambayo zamani hayakuwa ndani yake. Leo simu ni pochi ya fedha, ni njia ya kununua umeme, ni saa ya kuamsha daku, ni msahafu wa safarini, na ni sauti ya mtoto aliye masomoni Dar es Salaam au Muscat. Simu inapozimika, milango yote hiyo hufungwa kwa pamoja.

Ndani ya betri kuna nini?

Betri ya simu janja ni ya aina ya lithiamu-ayoni. Ilianza kuuzwa na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1991, baada ya utafiti wa miaka mingi. Wanasayansi watatu waliochangia kuibuni, John B. Goodenough, M. Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97 siku ile, akawa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kupata tuzo hiyo.

Kazi yake, kwa maneno mepesi, ni hii. Ndani ya betri mna ncha mbili, moja ya grafiti na nyingine ambayo, katika simu nyingi, ina madini ya kobalti. Baina yao mna majimaji maalumu. Unapochaji, chembe za lithiamu husafiri kutoka upande wa kobalti kwenda kujipenyeza ndani ya grafiti. Unapotumia simu, chembe zile hurejea zilikotoka, na safari hiyo ndiyo itoayo umeme. Kila safari huacha taka kidogo: utando mwembamba hujengeka juu ya grafiti, ukanasa baadhi ya chembe zisiweze kusafiri tena, na kuifanya njia kuwa nyembamba zaidi kwa zilizobaki.

Kwa hiyo betri huzeeka kwa namna mbili. Kwanza, hubeba chaji kidogo kuliko ilipokuwa mpya. Pili, hushindwa kuutoa umeme kwa nguvu unapohitajika kwa ghafla. Namna hii ya pili ndiyo iliyonipata mimi. Asilimia tunayoiona kwenye kioo ni hesabu ya makadirio inayofanywa na simu. Nilipopiga simu, tena kioo kikiwa na mwanga mkali, simu ilihitaji umeme mwingi kwa mara moja. Betri iliyochoka haikuweza kuusukuma. Nguvu yake ikashuka chini ya kiwango, na simu ikajizima ili kujilinda. Chaji ilikuwamo, lakini haikuweza kutoka.

Jambo hili si geni duniani. Mwezi wa Disemba 2017 kampuni ya Apple iliwaomba radhi wateja wake baada ya kubainika kuwa ilikuwa ikizipunguza kasi simu za zamani. Sababu iliyoitoa ni hiyo hiyo: betri kongwe zilikuwa zikizizimisha simu ghafla. Baada ya hapo ikapunguza bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29.

Maadui watatu wa betri

Adui wa kwanza ni joto. Watengenezaji wakubwa, Apple na Samsung miongoni mwao, hushauri simu itumike mahali ambapo joto halizidi nyuzi 35. Katika kaskazi, kisiwani kwetu, hewa yenyewe ya mchana huwa imekaribia kiwango hicho. Simu ikiachwa juani, juu ya dashibodi ya gari au dirishani, hukivuka kwa dakika chache. Ikichajiwa huku imevaa kava zito, au mtoto akicheza mchezo wenye picha nyingi wakati imo kwenye chaja, joto huongezeka kutoka ndani na nje kwa pamoja.

Adui wa pili ni kukaa muda mrefu hali ya kuwa imejaa kabisa. Betri iliyofika asilimia 100 ni kama upinde uliovutwa mpaka mwisho. Vipimo vinavyofahamika na mafundi huonesha kuwa betri iliyohifadhiwa mwaka mzima kwenye joto la nyuzi 25, ikiwa na chaji asilimia 40, hubaki na takriban asilimia 96 ya uwezo wake. Ikihifadhiwa imejaa, hubaki na asilimia 80. Na ikiwa imejaa na joto ni nyuzi 40, hubaki na asilimia 65 tu. Basi maadui hawa wawili wakikutana, hasara huwa kubwa zaidi. Hilo ndilo nililolifanya kila usiku kwa miaka mitatu: simu chini ya mto, ndani ya kava, kwenye chaja mpaka alfajiri.

Adui wa tatu ni kuikausha mpaka sifuri kila mara. Ikitokea siku moja moja hapana neno, lakini isiwe mazoea. Na simu iliyozimika kwa kukosa chaji isitupwe kabatini kwa miezi. Betri inaweza kushuka mno isifae tena. Anayetaka kuiweka simu bila ya kuitumia aiache na chaji nusu.

Njia ya kati ndiyo salama: ichajiwe inapokaribia asilimia 20, na itolewe inapokaribia 80, isipokuwa siku ya safari au ya haja. Simu nyingi mpya za Samsung, na iPhone kuanzia toleo la 15, zina chaguo katika mipangilio ya betri la kuisimamisha chaji zenyewe karibu na asilimia 80. Kuchaji kidogo kidogo mara mbili kwa siku hakuna madhara. Hesabu ya mzunguko hukamilika pale jumla inapofika asilimia 100. Nusu ya leo na nusu ya kesho ni mzunguko mmoja.

Kuifanya chaji ya leo ifike usiku

Hayo ni ya umri wa betri. Ama chaji ya siku moja, nayo ina mbinu zake.

Kioo ndicho mlaji mkubwa katika simu nyingi. Punguza mwangaza, na upange kijizime baada ya sekunde 30. Simu yenye kioo cha aina ya OLED huokoa chaji ikitumia mandhari meusi, kwa sababu sehemu nyeusi za kioo hicho huwa hazikuwaka kabisa.

Mlaji wa pili ni mtandao dhaifu. Simu iliyo mbali na mnara huongeza nguvu ili isikike, na chaji huyeyuka. Anayevuka bahari kwa boti au anayekwenda kuvua ataona simu ina joto mfukoni ingawa hakuigusa. Katika sehemu zisizo na mtandao, iwekwe katika hali ya ndege, ifunguliwe panapo haja.

Mlaji wa tatu ni makundi ya WhatsApp. Kila picha na video inayojipakua yenyewe inakula bando na inakula chaji. Zima upakuaji wa moja kwa moja katika mipangilio ya programu hiyo, ufungue tu unachotaka kukiona. Pia tazama ni programu zipi zinazoruhusiwa kujua ulipo kila saa, uziondolee ruhusa zisizohitaji.

Tahadhari moja ni muhimu kwa msomaji Muislamu. Hali ya kuokoa chaji huzilaza programu zilizo nyuma ya pazia, na programu ya adhana ni miongoni mwao. Wapo wanaolalamika kuwa simu haikuadhini alfajiri, kumbe wao wenyewe ndio walioinyamazisha. Ingia katika mipangilio ya betri, utafute programu ya nyakati za sala, uiruhusu ifanye kazi bila ya vizuizi.

Tuliyoyarithi yasiyo na faida

Tuliambiwa kuwa simu mpya ichajiwe saa nane mfululizo kabla ya kutumiwa, na kwamba betri ikauke kabisa ndipo ichajiwe. Mawaidha hayo yalifaa betri za zamani za nikeli. Kwa lithiamu, la kwanza halina maana na la pili lina madhara.

Wapo wanaofunga programu zote kila dakika kwa kuzifagilia pembeni. Mara nyingi hilo huongeza matumizi, kwa kuwa simu hulazimika kuianzisha programu upya toka mwanzo. Na wapo wanaoitia simu kwenye friji inapopata moto. Hilo lisifanywe, unyevu huganda ndani yake na kuharibu mitambo. Ivuliwe kava, izimwe, iwekwe kivulini penye upepo, inatosha.

Wengine huogopa kuchaji kwa kuhofia bili. Tuhesabu. Kuijaza betri ya miliampia 5,000, pamoja na umeme unaopotea kwenye chaja, hutumia takriban wati-saa 25. Yuniti moja ya TUKUZA ni wati-saa 1,000. Kwa hiyo yuniti moja hujaza simu kiasi cha mara 40. Gharama kubwa ya simu haimo katika umeme, imo katika betri yenyewe inapokufa kabla ya wakati.

Usalama wa nyumba na watoto

Betri ya lithiamu ina nishati nyingi katika nafasi ndogo. Mwaka 2016 kampuni ya Samsung ililazimika kuzirejesha simu za Galaxy Note 7 kutoka duniani kote na kusitisha utengenezaji wake, baada ya betri kadhaa kushika moto. Kwa hiyo simu isichajiwe chini ya mto, juu ya godoro wala ndani ya chandarua cha mtoto. Chaja iwe ya kuaminika. Ya bei ya chini mno isiyo na jina la mtengenezaji inaweza kuwa ghali mwishowe. Simu iliyoingia maji, khasa ya bahari, isichomekwe kwenye chaja mpaka ikauke kabisa, kwani chumvi na umeme havipatani.

Ukiona mgongo wa simu umeinuka au kioo kimeachana na fremu, betri imevimba. Acha kuichaji siku hiyo hiyo, usiitoboe wala usiibonyeze, umpelekee fundi. Na betri iliyotolewa isitupwe katika taka za jikoni, seuze kuchomwa moto.

Kubadilisha betri peke yake, kabla ya kukimbilia simu mpya, ni busara. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi, na simu ile ile ndiyo ninayoitumia hadi leo. Huko Ulaya, tangu Juni 2025, sheria inataka simu mpya ziwe na betri inayobaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800. Tusisubiri sheria hiyo itufikie ndipo tuvitunze vyetu.

Kobalti ya Kolwezi na suala la israfu

Jambo la mwisho ni la kuzingatiwa na mzazi anayemzoesha mwanawe kubadilisha simu kila mwaka. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, khasa maeneo ya Kolwezi, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Sehemu yake huchimbwa kwa mikono na wachimbaji wadogo, na mashirika ya haki za binadamu yamekwisha kueleza kuwa wamo watoto miongoni mwao. Kila betri inayotupwa kabla ya wakati wake huongeza haja ya kuchimba nyingine.

Mwenyezi Mungu (SW), katika Sura ya Al-Israa, aya ya 26 na ya 27, amekataza ubadhirifu na amewafananisha wabadhirifu na ndugu wa mashetani. Na katika hadithi iliyopokewa na Ibn Majah, ambayo wanazuoni wameijadili isnadi yake, Mtume (SAW) anamzuia sahaba asifanye israfu ya maji ya udhu hata akiwa kwenye mto unaotiririka. Maana yake iko wazi: wingi wa neema hauhalalishi kuipoteza. Simu uliyoinunua kwa jasho lako nayo ni neema, na utaulizwa uliitumiaje.

Nyumbani kwetu sasa tumeweka taratibu nne, nazo nawausia wasomaji. Moja, yuniti za TUKUZA hununuliwa zinapobaki kumi, si zinapokwisha. Mbili, baada ya sala ya Isha simu moja ya nyumba huwekwa na chaji isiyopungua nusu, na hapewi mtoto. Tatu, ipo simu ndogo ya kitochi, yenye laini na salio, kwa ajili ya dharura. Nne, nambari za jamaa, za jirani na za daktari zimeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, kwani simu ikizimika huzimika na majina yote.

Karatasi ile aliiamrisha bibi mwenyewe. Nambari ya kwanza juu yake ni ya jirani yetu yule.

Wabillahi tawfiiq.